Mwaka wa Pawa ya Inchi Kumi na Nane

Nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, nachambua mchele wa matanga, pawa ilipowashwa mbele ya nyumba ya marehemu. Ilikuwa haijagusa gogo bado, nikajua haitamaliza kazi. Pawa ndilo jina la msumeno wa petroli huku kwetu juu ya Sindo, na hiyo ilikuwa inapiga kelele nyembamba, kavu, moja kwa moja. Injini ya namna hiyo ukibana kifyatuo chake cha mafuta mpaka mwisho ikiwa nje ya mti inatakiwa igugumie kidogo, kama mtu anayetaka kukohoa, halafu ikiingia kwenye mti inyooke. Isipogugumia, ujue petroli inayoingia ni kidogo, na kwa kuwa oili yake imechanganywa ndani ya petroli hiyo hiyo, pistoni inapanda na kushuka kavu mpaka inaungua. Sikuhitaji kwenda kuangalia. Niliendelea kutoa mawe kwenye mchele, kichwa nimeinamisha, na mama mmoja akanipapasa bega akidhani namlilia kaka yangu.

Marehemu alikuwa kaka yangu Okeyo, fundi wa pawa aliyejulikana kutoka Migori mjini mpaka ziwani. Kwetu mwanamume mwenye boma akifa, magogo mazima yanawashwa mbele ya nyumba yake, na moto huo, magenga, unakaa siku kadhaa wanaume wakiuzunguka. Mwanamke hauwashi, hauchochei, wala hasogei pale magogo yanapokatwa, ndivyo tulivyolelewa. Basi sisi tulikuwa jikoni, wao wako kwenye magogo, na katikati yetu kulikuwa na jamaa mmoja wa kanisani ameshika kipaza sauti, anamsifu marehemu tangu asubuhi. "Huyu mtu alikuwa na sikio," alisema. "Ungemwekea pawa kumi, macho amefumba, akuambie ipi ina njaa na ipi imevimbiwa." Watu wakaguna kwa kukubali. Nami nikauweka ungo chini. Hayo maneno ya njaa na kuvimbiwa ni yangu. Niliyasema mimi kwanza, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, kwenye chumba cha mabati kule Masara, na aliyekuwa ananicheka ni Okeyo.

Sina haja ya kueleza tulizaliwa na nani. Mwaka ule nilikuwa nakausha samaki kwa moshi hapo Sindo, na kila siku nilikuwa nanunua kuni kutoka kwa watu wenye pawa, nikaona kwamba mwenye kuni ndiye anayekula, mwenye samaki anabaki na macho mekundu. Okeyo alikuwa na nguvu na hakuwa na kazi. Tukachanga, tukaenda Migori kwa Mzee Bashir, mfanyabiashara aliyekuwa na duka la vyuma karibu na soko, na nyuma ya duka chumba kirefu chenye benchi la kutengenezea pawa. Chumba hicho nakikumbuka kuliko nyumba niliyoolewa. Kilinuka petroli na tangawizi, maana birika la chai lilikuwa haliondoki kwenye jiko la mkaa pale pembeni, na kabureta zilizofunguliwa zilipangwa juu ya vitambaa vyeupe, kila moja na skrubu zake. Tulikalishwa kusubiri asubuhi nzima, tukapewa chai na mahamri, na mimi nikakaa nikimtazama yule mzee akifanya kazi. Okeyo alikuwa anatazama barabara.

Zamu yetu ilipofika, Okeyo akaenda moja kwa moja kwa pawa kubwa, ile yenye chuma cha cheni kirefu kama mguu wake. Mzee Bashir akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya kupasua mbao. Kata kuni na hiyo mpaka saa sita, halafu uniambie mgongo wako umebaki wapi." Akasukuma ndogo pembeni pia, akasema hiyo ni ya kupogoa ua. Zikabaki mbili za katikati, za inchi kumi na nane, zote zimetumika. Moja ilikuwa imepakwa rangi mpya inameremeta, nyingine imechubuka kila upande. Okeyo akaishika ya kumeremeta. Mimi nikaomba ruhusa, nikainyanyua kwa mpini wa kamba ya kuwashia, ikaning'inia hewani, na hapo hapo ikashuka puu mpaka chini. Nikainyanyua ile iliyochubuka. Hiyo ilishuka polepole, ikasimama, ikashuka tena, ikasimama, kwa sababu silinda yake ilikuwa bado inabana pumzi. Nikasema, "Tunachukua hii." Mzee Bashir akaweka kikombe chini. "Nani amekufundisha hiyo, binti?" Nikamwambia, "Wewe. Umemfanyia yule mtu wa kwanza asubuhi."

Alicheka mpaka akafuta macho, na macho yenyewe tayari yalikuwa mabovu. Alikuwa anaziinua skrubu mpaka puani ndipo azione. Akanionyesha mahali pa kuingiza bisibisi, skrubu ya mwendo mdogo, skrubu ya mwendo mkubwa, na ile ya kushikilia injini isizime. Ukigeuza kulia unapunguza petroli, kushoto unaongeza, na unageuza kidogo sana, upana wa punje ya mchele. "Usitazame mkono," alisema, "sikiliza." Halafu akasema neno lililonifanya nisilale siku mbili. "Nirudishie hii baada ya mwaka. Nitafungua ekzosi, nitamulika ndani na tochi. Nikikuta pistoni haina mkwaruzo, wallahi, kiti cha benchi hili ni chako. Mimi macho yananiishia, na hawa vijana wote wanaokuja hapa ni mikono tu." Okeyo alikuwa amesimama pale pale. Alisikia kila neno.

Nataka ieleweke nilichokuwa nakitaka, maana watu wakisikia hadithi hii wanafikiri nililia kwa sababu ya chombo. Sikutaka pawa. Nilitaka kile kiti. Nilitaka mtu aje na injini yake iliyomshinda, akae akinywa chai, nami niisikilize nimwambie ugonjwa wake, aondoke akijua amesaidiwa na Awuor. Hapo Sindo nilikuwa na mikono miwili kati ya mikono mingi ya wanawake inayogeuza samaki. Kwenye benchi lile ningekuwa mtu.

Tukapanga chumba Masara, kwa wachimba dhahabu, maana kule nguzo za mashimo zilitakiwa kila siku, na hoteli za kule zinapika kwa kuni tu. Okeyo alikata, na nampa haki yake, alikata vizuri. Alikuwa na miguu inayojua kusimama na hakuwahi kukata mti kwa ubishi. Kazi nyingine zote zilikuwa zangu. Nilipima oili kwa chupa ya soda niliyoitia alama kwa msumari. Nilinoa meno ya cheni kwa tupa, jino kwa jino, asubuhi kabla jua halijawa kali. Niliielekeza ncha ya cheni kwenye jiwe jeupe, nikaibana mafuta, na kama mstari wa oili haukuonekana kwenye jiwe, kazi haikuanza. Mvua ilipoanza na hewa ikabadilika, nililegeza skrubu kidogo. Jua lilipokuja nikakaza kidogo, nikimwonyesha Okeyo sauti ya njaa na sauti ya kuvimbiwa, naye akinicheka. Pawa ile ilikaa kwenye gunia miguuni pa kitanda changu, na chumba kizima, mpaka ugali na omena zetu, vilikuwa na harufu yake.

Ukuta kati yetu na majirani ulikuwa bati moja. Jioni Okeyo alikaa kwao na wachimbaji, na mimi upande wangu nikiosha sufuria nilisikia kila kitu. "Omera, ndugu yangu, hiyo pawa yako haiugui?" mmoja alimuuliza. Okeyo akajibu, "Itaugua vipi, na mimi naisikia? Ina njaa, naipa. Imevimbiwa, nainyima." Wakacheka, wakampongeza. Nilitabasamu, mimi mjinga. Nilifikiri ni maneno ya wanaume, yanaisha na chai. Aliporudi nikamwuliza, "Kwa hivyo wewe ndiye unayeisikia siku hizi?" Akasema, "Nyaminwa, dada yangu, nitawaambia wewe ndiye unaniwekea pawa? Si watanicheka?" Akachukua ugali, tukala. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kwanza ya kukasirika, na niliipoteza.

Wiki tano kabla mwaka haujatimia, baba yetu mkubwa, Mzee Ogola, akafariki, na tukaitwa nyumbani na pawa yetu. Magogo yalikuwa ya ober, ule mti mgumu, umekauka miaka. Mimi nikaingia jikoni kwa kina mama, Okeyo akaenda kwa wanaume. Aliiwasha, akaibana mafuta, nayo ikagugumia kama nilivyoiweka, sauti nzuri, sauti ya injini iliyoshiba. Nilitulia. Ndipo nikasikia mtu akisema kwa sauti, "Hiyo pawa ni mgonjwa?" Na mwingine, "Mzee Ogola aliyefukuza wezi wa ng'ombe mpaka mpakani, leo anaagwa na kikohozi?" Kicheko kikapita. Mnajua matanga ya kwetu. Vijana wamekuja mbio na ng'ombe, filimbi zinapigwa, watu wanaimba wanakimbia bomani wakikifukuza kifo, na kila kitu kinachoweza kupiga kelele kinapigishwa kelele kwa heshima ya mzee. Pawa inayogugumia mbele ya umati wa namna hiyo ni aibu kwa mwenye kuishika. Sauti ya injini ikateremka, ikakaa chini muda mfupi. Ilipopanda tena, ilipanda nyembamba, kali, haigugumii, na umati mzima ukapiga kelele nayo.

Nilisimama. Nilikuwa na mwiko mkononi, nakumbuka, wa ugali. Shangazi yetu akanishika leso, akanivuta. "Unaenda wapi?" Nikasema, "Amekaza skrubu. Itaungua." Akanitazama kama mtu aliyeongea lugha nyingine. "Kaa chini, Awuor. Huo moto si wa wasichana." Ningeweza kumponyoka. Alikuwa mwanamke mnene, mzee, na mimi nilikuwa ninabeba magunia. Nilikaa kwa sababu niliogopa watu wangesema nini, sina sababu nyingine, na nimeitafuta miaka yote hii. Gogo la kwanza likaisha, watu wanashangilia. Katikati ya gogo la pili sauti ikazidi kupanda, ikapanda tena bila mtu kuigusa, halafu ikakatika. Filimbi ziliendelea kidogo, kisha nazo zikanyamaza. Magogo yaliyobaki yalikatwa kwa mashoka.

Nilimkuta Okeyo nyuma ya ghala la mahindi, pawa iko miguuni pake. Nikavuta kamba ya kuwashia. Haikusogea hata kidogo. "Umekaza," nikamwambia. "Nimegusa kidogo tu." "Okeyo, wiki tano. Zilibaki wiki tano." Akasema, "Watu walikuwa wananicheka, nyaminwa," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia, na mimi nikamhurumia. Nilimhurumia kweli. Nikamwambia twende kwa Mzee Bashir, tumwambie yaliyotokea. Ni mtu mwenye akili, ataelewa. Okeyo akasema afadhali atangulie yeye na pawa, mimi nimalizie kazi za matanga, nimfuate kesho yake. Nikaona ni wema.

Nilipofika Migori kesho yake nilipita mlango wa nyuma, kama kawaida. Niliwasikia kabla hawajaniona. Okeyo alikuwa anasema, "Nilimkataza, mzee. Kila siku nilimwambia wacha skrubu, haya si mambo ya kuchezea. Lakini mkono wake hautulii." Niliingia. Mzee Bashir alikuwa ameshafungua ekzosi, amemulika, na pistoni ilikuwa imekwaruzwa kutoka juu mpaka chini, hata mtu wa macho mabovu angeiona. Hakukasirika. Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. "Binti, ni kweli skrubu hizi zilikuwa zinageuzwa na wewe?" Ni mimi niliyezigeuza, mwaka mzima, kila hali ya hewa ilipobadilika. Nikasema, "Ni kweli, lakini siku ile," halafu nikamgeukia Okeyo amalizie, maana siku ile alikuwa anaijua yeye. Nilimtazama. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, anatazama ndani ya chai. Nilisubiri. Kisha Mzee Bashir akafuta mikono kwa kitambaa na kusema, "Basi, hakuna ubaya. Si kila mtu ni fundi." Nikatoka kwa mlango ule ule. Ningeweza kurudi kesho yake nikapige kelele pale dukani, na sikurudi. Kabla ya mwezi kuisha Okeyo alikuwa amekaa kwenye kile kiti.

Akajifunza, kweli. Mzee Bashir alimfundisha taratibu, na Okeyo hakuwa mpumbavu. Mimi nikarudi Sindo kugeuza samaki, nikaolewa, nikazaa, nikawa Mama Beryl, nikanunua kuni kwa watu wenye pawa ambazo kaka yangu alizitengeneza. Krismasi alikuja na sukari na unga, akala kwangu, akacheza na watoto. Nilimpikia. Watu wanafikiri chuki inakuzuia kumpikia mtu. Mimi nilimpikia samaki wazuri na nilimchukia kila Krismasi. Wiki tatu kabla hajafa nilikwenda kumwona hospitalini. Alikuwa amekonda, kitanda kimekuwa kikubwa. Wengine walipotoka akaniuliza, "Unakumbuka ile pawa yetu ya inchi kumi na nane?" Nikasema nakumbuka. Nikavuta kiti karibu. Nikafikiri sasa inakuja, na nitamsamehe, nilikuwa tayari kabisa, hata machozi yalikuwa yameshafika. Akasema, "Ilikuwa pawa nzuri." Akageukia ukuta. Nilikaa mpaka muda wa kuangalia wagonjwa ukaisha.

Sasa amelala sebuleni kwenye sanduku, na huko nje mwanafunzi wake mmoja, jamaa wa miaka thelathini na kitu anayeitwa Tobi, amekaza skrubu ili watu wafurahi. Nilisimama. Mke wa marehemu akanishika leso, pale pale shangazi alipokuwa amenishika, akauliza naenda wapi. Safari hii nilivuta leso yangu. Nilipita kwenye viti, nikampita yule wa kipaza sauti, nikaingia katikati ya wanaume na magogo yao. Tobi akaniona, akasema, "Mama, hapa ni wanaume." Nikamwambia, "Teremsha mafuta. Nipe bisibisi." Sijui ni sura yangu au ni nini, alinipa. Nilipiga goti, nikageuza kushoto, punje ya mchele, nikamwambia aibane. Ikagugumia. Nikageuza kidogo tena, nusu ya punje, kurudi kulia, nikafunga macho. "Sasa ingiza." Akaiingiza kwenye gogo, na ule mgugumio ukanyooka, na unga wa mti ukaanza kutoka mnene, mweupe, juu ya viatu vyetu. Miaka ishirini na minane, na mkono haukusahau kitu.

Yule wa kipaza sauti akakiinua tena mdomoni. "Mmeona, wapendwa?" alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi ya kweli. "Mmeona kazi ya Okeyo? Kumbe alimfundisha hata dada yake." Watu wakapiga makofi. Wazee wakatikisa vichwa. Nikamwendea, nikashika kile kipaza sauti mkononi mwake, nikasema ndani yake, na boma lote likasikia, "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Walicheka, kicheko cha upole, kile wanachompa mtu aliyefiwa. Mzee mmoja akasema, "Uchungu ni mwingi, mumsaidie." Mke wa marehemu akanifikia, akanishika kiuno, akanirudisha jikoni polepole. "Pole, Mama Beryl," akaniambia sikioni. "Sisi wote tunajua vile alikupenda." Akanikalisha, akanipa maji, akaniwekea ungo wangu wa mchele magotini. Huko nje pawa ikakata magogo yote ya Okeyo, moja baada ya jingine, na haikuzima.